Maswali ya wasomaji: Kikokotoo cha grafu ndani ya gemu la mkononi

Tangu tuliposema tutapokea maswali ya emuleta, yaani programu inayokifanya kifaa kimoja kijifanye kingine, barua zimekuja nyingi na karibu nusu yake ni za jambo moja, kuweka kikokotoo cha grafu aina ya TI (Texas Instruments) au HP ndani ya konsoli ya gemu ya mkononi. Nimezisoma zote, zinazofanana nimeziunganisha, afu nimejibu kwa urefu pale ambapo watu wengi wamekwama.

Shikamoo mwalimu. Mi niko chuo mwaka wa kwanza, kikokotoo cha grafu sina ila nina Nintendo 3DS ya zamani niliyoachiwa na kaka yangu. Rafiki yangu anasema nikiweka emuleta inakuwa TI-83 kamili. Je majibu yake ni ya kweli au ni mchezo tu wa kuigiza? Naogopa kusomea kitu kitakachonidanganya.

Marahaba mdogo wangu. Majibu ni ya kweli, na nataka uelewe kwanini, maana ukishaelewa hapo hata hofu inaisha.

Emuleta yenyewe haijui hesabu kabisa. Haijui saini wala logi wala matriki. Kazi yake ni kujifanya ile prosesa iliyomo ndani ya kikokotoo, na kwa TI-83 Plus iliyotoka 1999 hiyo ni Z80 inayokwenda kwa megahezi 6, basi inachukua romu, yaani ile programu yenyewe iliyowekwa kiwandani, inasoma agizo moja baada ya jingine na kulitekeleza kwa lugha ya prosesa ya konsoli yako, kama mkalimani anayekaa katikati ya watu wawili bila kuongeza neno lake. Kwahiyo anayekokotoa saini ya 30 ni programu ileile ya Texas Instruments, na tarakimu zote kumi zinazotokea kwenye skrini ndo zilezile ungeziona kwenye kikokotoo cha kushika.

Na kama bado una wasiwasi, jua kwamba makampuni yenyewe yamefanya hivyo hivyo. HP walipotoa 49g+ mwaka 2003 waliweka ndani yake prosesa ya ARM inayoigiza prosesa yao ya zamani ya Saturn, watu wakanunua na wakafanyia kazi zao za uhandisi miaka mingi. Texas Instruments nao TI-Nspire ya 2007 ilikuwa na kibodi ya kubadilisha, ukiichomoa ukaweka ile ya TI-84 Plus basi mashine inaendesha emuleta ya TI-84 iliyotengenezwa na wao wenyewe.

Cha kuangalia ni kimoja, kuna programu nyingi ambazo zimechora tu sura ya kikokotoo afu hesabu zinafanya kivyake, hizo sio emuleta. Emuleta halisi itakudai romu, bila romu haiwaki. Ukishawasha jaribu sin(30) ikiwa kwenye radiani, lazima ikupe -.9880316241, bila sifuri kabla ya nukta maana ndivyo hizi mashine zinavyoandika. Ukipata .5 ujue mtu ameshabadilisha MODE kwenda digrii, sio kosa la emuleta.

Habari kaka. Nimechora y = x² − 4, naijua vizuri kwamba inakata mhimili kwenye 2 na −2. Sasa nikibonyeza TRACE nikawa natembea na mshale, inaruka! X inakuja 1.9148936 afu 2.1276596, kwenye 2 haisimami hata kidogo. Nimefuta nikaweka upya emuleta mara kibao. Ni romu mbovu?

Nzuri ndugu yangu, acha kufuta. Romu yako ni nzima kabisa na emuleta yako ni nzuri, imekuletea hata tabia ambazo kikokotoo cha kweli kinazo.

Skrini ya TI-83 ina pikseli 96 kwa 64, na sehemu ya grafu inatumia nguzo 95. Nguzo 95 zina nafasi 94 katikati yake. Wewe dirisha lako ni lile la kawaida la ZOOM 6, yaani kutoka −10 mpaka 10, jumla 20, kwahiyo kila ukisogeza mshale mara moja unaruka 20 gawanya kwa 94 ambayo ni 0.21276596. Anza sifuri hesabu hatua tisa, unafika 1.9148936 na y ni kama −0.333, hatua ya kumi uko 2.1276596 na y imeshapanda 0.527. Mbili yenyewe imekaa katikati ya pikseli mbili, hakuna pikseli yake, mshale utasimama wapi?

Dawa yake, bonyeza ZOOM afu 4. Hilo dirisha linaitwa ZDecimal, linaenda −4.7 mpaka 4.7, jumla 9.4, ukigawa kwa 94 unapata 0.1 safi. Sasa TRACE itapita 1.8, 1.9, 2 na ukifika 2 utaona Y=0. Waliotengeneza walichagua hiyo 4.7 makusudi kwa ajili ya hizo nafasi 94. Kama jibu lako halitakuwa desimali nzuri basi acha TRACE, nenda 2ND afu TRACE, chagua 2 ambayo ni zero, itakuuliza mpaka wa kushoto, wa kulia, na makisio, mwisho inakupa jibu lenyewe bila kujali pikseli.

Na kwa yule aliyeuliza kwanini duara lake linatoka limelala kama yai, sababu ni hiyohiyo. ZOOM 6 inaweka uniti 20 kwenye upana wa nguzo 95 na uniti 20 zilezile kwenye kimo cha mistari 63, lazima linyooke kwa pembeni. Bonyeza ZOOM 5, itapanua mhimili wa x ufike takriban 15.2 kila upande, duara linakaa sawa.

Mi hili swali nimelipenda sana maana mwanafunzi anayejiuliza kwanini mshale unaruka ameshaanza kuelewa kwamba grafu kwenye skrini ni vidoto vilivyokokotolewa kimoja kimoja, sio mstari uliochorwa na mtu.

Mambo vipi. Emuleta imekubali vizuri kwenye konsoli yangu ila kuandika ni mateso. Kikokotoo kina vitufe vingi, konsoli ina vichache. Naandika mlinganyo mmoja dakika tano, na mara nyingi inaniandikia ERR:SYNTAX hata nikiwa na uhakika nimeandika sawa. Nifanyeje?

Poa sana. Hapa ndo penyewe, na ndo sababu kubwa watu wanaweka hii kitu siku moja afu wanaiacha. Kasi sio tatizo siku hizi, prosesa ya Nintendo DS ya 2004 tu ilikuwa ya megahezi 67, inatosha kuibeba Z80 ya megahezi 6. Shida ni vidole. TI-83 Plus ina vitufe 50, na karibu kila kimoja kina kazi ya pili kwa 2ND na nyingi zina herufi kwa ALPHA. Konsoli ya kawaida ukihesabu mishale minne, vitufe vinne vya kulia, viwili vya mabegani, START na SELECT, una 12 basi.

Kama konsoli yako ina skrini ya kugusa, nusu ya tatizo limeisha, weka picha ya kibodi ya kikokotoo huko chini na utumie kalamu. Kwenye DS ile skrini ya chini ni 256 kwa 192, na vitufe vya TI vimepangwa safu kumi, kwahiyo kila safu inapata pikseli 19 tu za kimo, kidole cha mtu mzima kitabonyeza viwili kwa pamoja. Kalamu sio anasa hapo. 3DS ina 320 kwa 240 inapumua kidogo.

Kama haina kugusa, usijaribu kuvipanga vitufe vyote 50 kwenye vitufe 12 kwa kuchanganya mawili mawili, utasahau kesho yake. Ninavyopenda mimi ni hivi: mishale ibaki mishale, A iwe ENTER, B iwe DEL, cha begani kushoto 2ND na cha kulia ALPHA, X iwe kile kitufe cha X,T,θ,n maana ndo utakibonyeza kuliko vyote ukichora grafu, SELECT iwe Y= na START iwe GRAPH. Y ifungue kibodi ya skrini kama emuleta yako inayo, namba na alama nyingine zote utazichagua huko kwa mishale. Utaandika taratibu ila hutapotea. CLEAR usiiweke jirani na kitufe unachobonyeza kila wakati, inafuta mstari mzima bila kuuliza.

Sasa hiyo ERR:SYNTAX yako. Naweka dau ni alama ya kutoa. Hivi vikokotoo vina vitufe viwili tofauti, kimoja ni cha kutoa, kiko upande wa kulia kati ya kuzidisha na kujumlisha, kingine kimeandikwa (-) kiko chini kabisa pembeni ya ENTER, hicho ni cha namba hasi. Kwenye skrini vinafanana, kimoja ni kistari kifupi na kimeinuka kidogo tu. Watu wakipanga vitufe kwenye konsoli wanaweka kimoja wanaona kinatosha. Ukiandika 5 afu (-) afu 3 inakataa, SYNTAX. Ukianza mstari kwa kile cha kutoa inakuwekea Ans- yenyewe, ikidhani unataka kutoa kwenye jibu lililopita. Na ukianza nacho kwenye Y= inakubali kuandika lakini ukija kuchora inagoma. Weka vyote viwili, hata kama kimoja utakipata kwa kubonyeza begani kwanza.

Skrini yangu maandishi yanatoka mabovu, mistari mingine minene mingine myembamba. Kuna konsoli ambayo inafaa zaidi?

Hiyo inatokana na kukuza picha kwa kiasi ambacho sio namba nzima. Pikseli 96 ukizitanua mpaka 256 unapata mara 2.67, kwahiyo pikseli nyingine zinapewa nafasi tatu nyingine mbili, na herufi za hiki kikokotoo ni ndogo sana, haziwezi kuvumilia hilo. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kukuza kwa namba nzima, ukubali kuachiwa fremu nyeusi pembeni.

Ukifanya hivyo, kwenye DS TI-83 inaingia mara mbili, 192 kwa 128. Kwenye skrini ya juu ya 3DS ambayo ni 400 kwa 240 inaingia mara tatu, 288 kwa 192, na konsoli nyingi ndogo za skrini ya 320 kwa 240 nazo ni hivyohivyo. PSP ina 480 kwa 272, inabeba mara nne, 384 kwa 256, inapendeza sana kuangalia. HP 48 yeye skrini yake ni 131 kwa 64, na kwenye DS inasikitisha maana mara mbili ni 262 na skrini ina 256, zimekosekana pikseli sita tu! Ila kwenye 3DS na PSP inaingia mara tatu, 393 kwa 192.

Konsoli za kisasa kama Steam Deck ni kompyuta ya Linux kabisa, zile emuleta za kompyuta kama TilEm au CEmu zinafanya kazi humo na skrini ni ya kugusa. Konsoli za Android nazo zinaendesha emuleta ya Wabbitemu. Na RetroArch, programu moja inayobeba emuleta nyingi na iko kwenye vifaa chungu nzima, ina moduli inaitwa Numero ya TI-83.

Romu naipata wapi? Nimeona watu wanazigawa bure.

Romu ni mali ya Texas Instruments, kugawana bila ruhusa yao ni kuvunja hakimiliki, hata kama kikokotoo chenyewe ni cha zamani. Njia ya kueleweka ni kuitoa kwenye kikokotoo chako mwenyewe kwa waya na kompyuta, Wabbitemu ina msaidizi wa hatua kwa hatua wa kazi hiyo. Kama una rafiki ana TI, kuiazima ukatoa romu ukamrudishia sikushauri, nakala hiyo ni ya kutumiwa na mwenye kikokotoo.

Hizi kampuni zinafuatilia kweli. Mwaka 2009 Benjamin Moody alifanikiwa kuuvunja ufunguo wa RSA wa biti 512, yaani namba ya siri ya kusaini programu, uliokuwa unalinda mfumo wa TI-83 Plus, wengine wakaendelea na funguo za modeli nyingine, na Texas Instruments wakawaandikia barua za kisheria watu walioziweka mtandaoni, mpaka EFF, shirika la kutetea haki za watu kwenye teknolojia, likaingia kuwatetea. Ule ulikuwa ugomvi wa haki ya mtu kuweka mfumo anaoutaka kwenye mashine aliyoinunua, na mimi naona walikuwa na haki hiyo, ila haukufanya romu kuwa ya bure.

Kama huna kikokotoo chochote, nenda upande mwingine. HP waliruhusu romu za HP 48 zitumike kwenye emuleta bila biashara, ndo maana Emu48 na x48 zimeishi muda mrefu. Utalazimika kujifunza kuandika kwa mtindo wao, 3 ENTER 4 + badala ya 3 + 4, siku chache utazoea na kuna watu wakishazoea hawarudi tena. Na kuna NumWorks, kikokotoo cha Kifaransa cha 2017, waliochapisha kodi ya programu yao ya Epsilon wazi, wapenzi wake wakatengeneza toleo linaitwa Omega lenye maelekezo ya kulijenga kwa ajili ya 3DS. Skrini ya NumWorks ni 320 kwa 240, sawasawa na ile ya chini ya 3DS pikseli kwa pikseli. Kwa yule mdogo wangu wa barua ya kwanza asiye na kikokotoo, mimi ningeanzia hapa.

Ila jua kwamba konsoli kama 3DS na PSP haziendeshi programu zisizo rasmi mpaka uzifungue, yaani uondoe kizuizi cha kiwandani, na kufungua vibaya kunaweza kuiua konsoli. Soma maelekezo ya modeli yako hasa, yote, kabla hujaanza, na uhifadhi nakala ya memori kadi.

Niliandika programu ndefu ya kutatua milinganyo, nikazima konsoli, kuwasha imepotea yote. Inauma sana.

Pole sana, najua inauma. Kikokotoo cha kweli ukikizima RAM inabaki hai kwa betri, kwahiyo tumezoea kubonyeza OFF na kuondoka. Emuleta RAM yake iko ndani ya RAM ya konsoli, na nyingi zinaandika hali yake kwenye kadi pale tu unapotoka kwa menyu. Ukizima kwa kitufe au betri ikiisha hakuna kilichoandikwa. Na kuiarkaivu programu, yaani kuihamishia kumbukumbu ya kudumu, kwa 2ND + MEM hakusaidii hapo, maana hata ile kumbukumbu ya kudumu ya kilobaiti 160 ni faili tu ambalo halijahifadhiwa. Toka kwa menyu kila mara, na hifadhi hali ya emuleta (save state) kila baada ya kuandika kipande kirefu. Programu za muhimu zitoe kama faili la .8xp uziweke kwenye kompyuta, faili hilo baadae linaingia hata kwenye kikokotoo cha kushika.

Mimi ni mzazi. Mwanangu anakaa na gemu usiku ananiambia anasoma hesabu. Je ni kweli? Na ataruhusiwa kuingia nalo kwenye mtihani?

Inawezekana kabisa ni kweli, mama. Muombe akuchoree grafu yoyote akueleze inakata mhimili wapi, akikuonyesha utajua hapohapo. Kwenye mtihani hapana, konsoli haitaruhusiwa hata kama imefungua kikokotoo peke yake, maana wasimamizi wanatoa orodha ya vikokotoo vinavyokubalika na wengi wanataka kiwekwe kwenye hali ya mtihani inayofunga kumbukumbu, na konsoli ina intaneti na faili za kila aina.

Kwahiyo muulize mwalimu wake mapema ni modeli gani watatumia siku hiyo, afu emuleta ya nyumbani iwe ya modeli hiyohiyo na aweke ile kibodi kamili ya kwenye skrini, asitumie njia za mkato za A na B, ili mikono yake ijue (-) iko wapi na ZOOM iko wapi. Na wiki za mwisho aazime kikokotoo chenyewe akishike.